Baada ya talaka, Tokiko ashika udongo wa mtalaka wake

Jua la Mei bado halijafika dirishani, na Tokiko Murase tayari anachora. Bakuli la chai limelala kwenye kiganja chake cha kushoto, brashi iko kulia. Anaibana pumzi, anavuta mstari mmoja, kisha anaiachia.

"Ukipumua katikati, petali inakunjamana," anasema bila kuinua macho.

Ua lenyewe ni asagao, lile linalotambaa kwenye nyua za Kyoto, likifunguka alfajiri na kunyauka kabla ya mchana. Msimu wake haujafika. Lakini wanaoandaa sherehe za chai hutafuta mabakuli ya kiangazi mapema, hivyo Tokiko, mwenye miaka 53, huishi mbele ya majira. Maua ya vuli huyachora katikati ya kiangazi, jasho likimtiririka.

Kwa karibu miaka thelathini, mabakuli aliyochora yalifinyangwa na mtu mmoja tu: Yasuhei Murase, aliyekuwa mumewe.

Waliachana miaka minne iliyopita. Sababu hataki kuianika gazetini. "Andika tu kwamba yeye alikuwa haongei, na mimi nikawa naongea kwa niaba ya wote wawili," anasema huku akicheka.

Mtaa wa wafinyanzi wa Yamashina ulidhani kazi yao nayo imekufa. Tokiko alipanga chumba karibu na kituo cha treni, akanunua mabakuli meupe kwa mfinyanzi mwingine. Hayakumfaa. Kuta zake zilisimama mno. Shina la ua lilifika ukingoni kabla halijapinda. Yasuhei naye alimpa kazi mchoraji mwingine, na mwenye duka aliyekuwa akiwauzia mabakuli akayarudisha yote.

Aliyewaunganisha tena kikazi ni Fusae, mama yake Yasuhei, mwenye miaka 81. Alipakia mabakuli ya mwanawe kwenye kikapu cha baiskeli, akaenda kugonga mlango wa Tokiko.

"Mimi sikukupa talaka, mwanangu," alimwambia. "Chora."

Tangu hapo mabakuli yalikwenda na kurudi kwa baiskeli hiyo, na watalaka hawakuonana uso kwa uso. Bakuli likiuzwa yeni 20,000 dukani, Tokiko hupata yeni 4,000.

Januari mwaka huu Yasuhei aliteleza kwenye barafu mlangoni kwake, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Oda ya kiangazi ilikuwa imeshapokelewa. Kuikosa kungemaanisha kumpoteza Bwana Okazawa, mwenye duka anayewalisha wote wawili.

Tokiko aliwahi kufundishwa kufinyanga chuoni, ujanani, kisha akaacha. Alivaa aproni, akaenda kwenye karakana ambayo hakuikanyaga tangu aondoke.

"Umekuja kunicheka?" Yasuhei alimuuliza, mkono ukiwa kwenye plasta.

"Nimekuja kufinyanga. Wewe kaa hapo useme. Si ulikuwa huongei? Leo utaongea."

Akaongea. "Taratibu! Unalikaba! Legeza dole gumba. Siyo hivyo, wewe mwanamke!"

Mwanzoni kila bakuli liliporomoka. Siku moja Tokiko alilitupa tambara chini na kutoka nje, akiapa kwamba harudi. Fusae alimfuata na chai, akakaa naye kwenye ngazi mpaka hasira ikapoa.

Tanuri lilipofunguliwa, zaidi ya nusu ya mabakuli yalikuwa yamepinda au kupasuka. Tokiko alilia, anakiri. Kati ya yale mazima alichora machache, akampelekea Bwana Okazawa, ambaye aliyageuzageuza mkononi.

"Haya si ya Yasuhei," alisema hatimaye. "Lakini ua limekaa. Niletee yaliyobaki."

Hayo yaliyobaki ndiyo anayomalizia asubuhi hii.

Majirani wameanza kunong'ona kuhusu harusi ya pili. Tokiko anawakatisha tamaa: "Nimerudi kwenye gurudumu la udongo. Kwenye ndoa sijarudi, na njia nimeisahau."

Yasuhei, ambaye sasa mkono wake umepona, anajibu kwa maneno machache. "Karakana ilikuwa kimya mno," anasema, kisha anaendelea kukanda udongo.

Chini ya kila bakuli hupigwa muhuri wa mfinyanzi. Jina la mchoraji halionekani popote, na hilo limekuwa likimuuma Tokiko kwa miaka mingi. Alipouliza kama anaweza kuyapiga haya muhuri wake, Bwana Okazawa alijikuna kichwa. Yasuhei hakusita: "Piga. Bakuli lako, aibu yako."

Vuli hii anapanga kukodi meza kwenye maonyesho ya mtaa, auze mabakuli aliyoyafinyanga na kuyachora mwenyewe. Siku zote mwenye duka ndiye humchagulia ua. Safari hii amechagua mwenyewe dokudami, gugu lenye ua jeupe linaloota kwenye unyevu nyuma ya nyumba.

"Dokudami?" Fusae anashtuka, akiweka kikapu chini. "Mwanangu, lile si linanuka!"

"Likichorwa halinuki, mama," anasema Tokiko, na kuchovya brashi.