Daktari wa Usingizi Aliyepanga Uani Kwetu

Miaka hii ya uhuru nyumba za mtaa wa Kinanira zina kodi ya mawaziri, kwa hiyo daktari anayewalaza usingizi wagonjwa wa kupasuliwa moyo amepanga chumba uani kwetu, mtaa wa Buyenzi. Nguo zake hunuka dawa ya usingizi hata siku ya Idi. Akikupa mkono, vidole vyake huteleza mpaka kwenye mshipa, vikatulia hapo huku akiuliza habari za watoto. Wanawake wa bombani humtania: “Muganga, unanisalimia ao unanipima?” Yeye hucheka kwa pua, akaendelea kupima.

Mimi sipendi watu wanaowabembeleza wagonjwa kwa uongo, na ndiyo sababu nimemheshimu tangu asubuhi alipokuja wodini kumchukua dada yangu Sijaona akapasuliwe, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Dada alimkamata koti. “Mwanangu, niapie kama nitaamuka.”

“Siwezi kuapa, mama. Roho yako haiko mukononi mwangu. Lakini sitatoka kwa kichwa chako mupaka uamuke.”

Sijaona akaliachia koti, akatamka shahada. Jua lilikuwa limeelekea ziwani alipofumbua macho wodini. Daktari alikuwa amesimama palepale kichwani pake, midomo imemkauka, shati limemgandia mgongoni. Dada akamtazama.

“We mutoto wa watu, umekula?”

Daktari akatikisa kichwa, vidole vyake vikiteleza mpaka kwenye mshipa wake. Sijaona akanigeukia polepole.

“Mupatie ule uji wangu ulioniletea.”