Shangazi Yangu Si Chalenji Yenu

Mpaka leo kuna watu wananisimamisha sokoni Darajani kunipongeza. "Si wewe uliyemchora yule bibi anayetafuna mkate?" Nawajibu ndiye mie, na moyoni natamani niwanase kofi. Hawajui wanachonipongezea. Au wanajua na hawajali, na hilo ndilo linalonipandisha hasira zaidi.

Huyo bibi ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu sijajua kufunga viatu. Alipofiwa na mumewe nilihamia kwake Kiponda ili nimtazame wakati anakaa eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ila kwa dharura, hatii wanja wala manukato, na mwanamume asiye maharimu yake, anayeweza kumwoa, haingii akamwona. Chumba chake kilikuwa chetu wanawake. Mle ndani alikaa kichwa wazi, mvi zake nje, na akasema kila lililomjia kinywani. Nami kazi yangu ni kuchora katuni, naziweka mtandaoni kila Ijumaa. Wasomaji wangu walikuwa wachache, wengi wao wenzangu tuliosoma pamoja.

Asubuhi moja alikuwa anatafuna mkate wa kumimina, anasimulia marehemu mumewe alivyowahi kukimbizwa na bata kule Mbweni mpaka akapanda ukuta. Alicheka mpaka machozi. Mwanamke mmoja aliyekuja kumpa pole akamkemea, ati mjane hacheki hivyo. Shangazi akamgeukia, mdomo umejaa: "Nimefiwa mie, sijafa!"

Nilikimbilia kalamu. Nilimchora vile vile alivyo, kichwa wazi, pengo la jino, kidoti cha shavuni, mkate mkononi. Nikaandika na maneno yake, Ijumaa nikaiweka mtandaoni. Sikumwomba ruhusa. Nilijiambia katuni si picha, tena nampenda, basi yatosha. Ujinga mtupu!

Kwanza binti mmoja wa bara akakichora upya kipande kile cha katuni kwa mkono wake, akamweka bibi yake mahali pa shangazi. Nilifurahi, wallahi, nisiseme uongo, nikakisambaza mwenyewe. Mwengine akachora paka aliyenyang'anywa samaki. Mwengine mshabiki wa mpira ambaye timu yake imefungwa mabao matano, mwengine mwanafunzi aliyefeli. Maneno yale yale, mkao ule ule. Haukupita muda ikawa chalenji, anayejua kuchora na asiyejua wote wamo. Na mchezo huo una desturi yake: unaweka picha mbili pamoja, kushoto ile ya asili, kulia ya kwako. Kwa hivyo kila paka na kila mshabiki alitembea na shangazi yangu ubavuni, mvi nje, ilhali mwenyewe yumo edani, hata dirishani hachungulii.

Nilipozinduka nilikuwa nimeshachelewa. Niliifuta yangu, zao zikabaki. Nikawaandikia mmoja mmoja, nikawasihi waondoe ule upande wa kushoto tu, wabaki na paka wao. Mmoja akanijibu, "Dada, punguza kujisikia, tunakupa umaarufu bure." Umaarufu! Nani kakuomba, mshenzi wee? Halafu nikasikia kuna hoteli Kiwengwa imemchora na nguo ya kuogelea, glasi ya pombe mkononi, wakambandika mlangoni mwa baa. Mjane wa watu! Nilikwenda mpaka kule, nikaibandua ile karatasi kwa kucha zangu mbele ya meneja, nikamwambia maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Nilirudi mjini najiona shujaa.

Shangazi hakujua lolote. Simu yake ni kitochi kisicho na mtandao, na mimi sikumwambia.

Siku aliyotoka eda nyumba ilijaa wanawake. Dua imeshasomwa, udi unafuka, naye amevishwa nguo mpya, amepakwa hina, kapendeza. Basi msichana mmoja, jamaa wa jirani, akanyanyua kipande cha mkate akapaza sauti: "Nimefiwa mie, sijafa!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Shangazi naye alicheka. Kisha akamtazama yule msichana.

"Wewe hukuwapo siku ile. Umeyajuaje?"

Akapewa simu. Alizipitia zile picha moja moja, kidole chake cha hina kinasukuma, kinasukuma. Mimi nikaanza kusema. Washenzi hawa, wezi hawa, nimewaandikia, nimekwenda mpaka Kiwengwa, nitawashitaki wote! Sauti yangu ilikuwa inapanda, na yeye akanyanyua mkono nikome.

"Hiki kichwa changu," akaniuliza, "wanaume wangapi wamekiona?"

Nikasema sijui.

"Hao wachoraji siwajui. Wala hawakuwamo chumbani mwangu. Aliyekuwamo nani?"

Nilimkasirikia hata yeye, nakiri, kwa kuniuliza vile mbele za watu. Siku kadhaa zilipita ndipo nikamkasirikia anayestahili.

Nilimwomba radhi, akasema keshanisamehe, na namwamini, kwani si mtu wa kinyongo. Mimi ndiye nisiyesamehe. Kila mara picha mpya inazuka, na kushoto yumo. Naandika, nasihi, natukana, nafungiwa akaunti. Wengine wananiambia ni mapenzi ya wasomaji. Mapenzi gani hayo ya kumvua mtu mtandio? Nikishasema hivyo hukumbuka nani alianza kumvua, na hasira inanigeukia mwenyewe.

Wiki iliyopita nilitoka kwangu nikaenda kumwamkia. Nikiwa ngazini nikamsikia anacheka, kile kicheko chake cha kutoa machozi, yuko na jirani yake anamsimulia kisa cha marehemu ambacho mie sijapata kukisikia. Nikaongeza mwendo nisikose mwisho wake. Nikavua viatu, nikapiga hodi, nikaingia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Huku akaivuta kanga akajifunika kichwa mpaka kwenye paji. Jirani akainamisha macho. Nikauliza walikuwa wanacheka nini.

"Aa, mambo yetu ya kizee tu," akasema. "Umekula?"