Pembe Yenye Uzi Mwekundu

Dobi hajawahi kupoteza nguo ya mtu. Miaka kumi na tisa amefua mashuka ya nyumba tatu za wageni, makoti meupe ya daktari wa meno na vitambaa vya meza vya ukumbi wa sherehe, na hakuna aliyewahi kumrudia mlangoni, mikono kiunoni, akidai chake. Siri yake ni sindano. Kabla kitu hakijaingia majini, hukipiga mishono mitatu ya uzi kwenye pembe moja: kijani ni cha hawa, bluu cha wale, njano cha mwenye ukumbi. Mwekundu ni wa nyumbani. Ukiokota soksi njiani ikiwa na mishono mitatu myekundu, mpelekee Dobi, ni ya mwanawe.

Huyo mwanawe, wa miaka tisa wakati ule, ndiye Chiriku. Jina alipewa na mama yake mdogo, kwa sababu domo lile halikupata likizo hata siku moja. Baba? Baba alishika njia yake mtoto akiwa bado anatambaa, na humu ndani hatumtafuti. Wakabaki wawili, na bahati nzuri kukunja shuka ni kazi ya watu wawili. Kila alasiri Chiriku akitoka shule hutupa mkoba, hunawa mikono, na kusimama mkabala na mama yake katika chumba cha kupigia pasi, ambamo mvuke ulikuwa mzito hata ukuta wa pili ukauona kwa mbali, mweupe, kama haujaamua kuwapo. Sheria ilikuwa moja: tafuta uzi kwanza. Pembe yenye uzi hushikwa na mkono wa kushoto wa Chiriku. Ndipo wanavuta, wanakung'uta, shuka linajaa upepo, wanaendeana mpaka vidole vinagusana, wanarudi nyuma, wanaendeana tena. Huku Chiriku anasimulia nani kapigana na nani darasani.

Alasiri moja pembe ya kushoto ikaanguka.

"Shika vizuri wewe, hilo si tambara!" Dobi akafoka, maana alikuwa na mashuka arobaini yanamsubiri.

Chiriku akaokota. Ikaanguka tena. Akautazama mkono wake wa kushoto kama mgeni aliyeingia bila hodi, akasema, "Mama, kichwa kinapasuka," na kabla Dobi hajaizunguka meza mtoto alikuwa chini, juu ya shuka jeupe la watu, uso umekwenda upande.

Siku zilizofuata Dobi anazikumbuka vipande vipande, na hata hivyo vipande havina mpangilio. Taa ndefu za darini zikimpita juu moja moja. Viatu vyake viwili, ambavyo havikuwa jozi. Daktari wa upasuaji akichora kwenye karatasi: mishipa ya damu upande wa kulia wa ubongo, iliyosukana ovyo tangu mtoto yumo tumboni, na mmoja umepasuka, damu imevujia ndani. Dobi alikuwa na swali moja tu. Je, ni beseni? Maana asubuhi ile alimtwisha mtoto beseni la nguo mbichi. Daktari akamwambia si beseni. Akauliza tena, akajibiwa tena. Mara ya tatu daktari akaweka kalamu chini, akasema pole pole, "Mama, si beseni." Dobi akaitikia kwa kichwa, na hakuamini hata chembe.

Wakampasua, wakaitoa damu, wakaufunga mshipa. Chiriku akalala siku tisa. Dobi naye alikaa kwenye kiti cha plastiki na usingizi wa kuibaiba, na kila macho yakifumba alijikuta mle mle chumbani mwake, mvuke umejaa, ameshika pembe mbili za shuka. Upande wa pili shuka limeshikwa, tena limevutwa vizuri kabisa, ila anayelishika haonekani kwa weupe. Akizinduka anakuta vidole vyake bado vimekunjwa. Watu wakaja na maneno yao. Subira yavuta heri, subira yavuta heri, mpaka jirani mmoja alipolirudia kwa mara ya tano Dobi akamjibu, "Basi njoo uvute wewe, mimi kamba imenichubua." Loo! Mama wa watu akaaga upesi.

Siku ya kumi Chiriku akafumbua macho, akasema, "Nina njaa." Dobi akalia kwa kelele hadi muuguzi akaja mbio akidhani kuna msiba.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Thubutu!

"Mama yuko wapi?" Chiriku akauliza. Na mama yuko hapo hapo, upande wa kushoto wa kitanda, machozi yanamdondoka juu ya blanketi.

"Nipo hapa, mwanangu."

Mtoto akageuza kichwa kulia. Akalitafuta pazia, akaitafuta meza ya dawa, akamwona muuguzi. "Namsikia," akamwambia. "Mwite aingie."

Dobi akazunguka kitanda, hatua nne tu, akatokea kulia. "Mama!" Uso ule ukachanua. Dobi akajua tangu saa ile kwamba kushoto harudi.

Mengine yakajitokeza polepole. Aliletewa sahani ya viazi, akala vya upande wa kulia, akalamba kijiko, akalalamika kwamba wamempunja. Muuguzi akaizungusha sahani. "Ee, umeongeza!" Akachora nyumba ikawa na nusu paa na mlango uliokatwa katikati. Mkono wake wa kushoto ulilala juu ya blanketi kama kitu kilichosahauliwa, na alipoulizwa ni wa nani akafikiri kidogo. "Wa muuguzi, nadhani. Kausahau."

"Macho yake ni mazima," daktari alieleza. "Ni ubongo uliosahau kwamba kuna kushoto. Usifikiri anaona giza upande huo. Kwake huo upande haupo."

Ndipo akaja yule wa mazoezi ya viungo, kijana mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyekataa kuitwa daktari. "Niiteni Mwalimu," alisema. Siku ya kwanza tu akakinyanyua kiti cha Dobi, akakipeleka kushoto. "Mama, utakaa hapa. Ongea naye kutoka hapa. Usimshike kidevu ukamgeuza. Mwite, ageuke mwenyewe."

Dobi akasema sawa, Mwalimu. Mwalimu akitoka mlangoni, kiti kinarudi kulia. Mwalimu akisikika koridoni, kiti kinakimbia kushoto. Wiki mbili nzima mama mtu mzima anacheza mchezo wa panya na paka na kiti cha plastiki! Na mimi simcheki. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na huyu alikuwa amekaa siku tisa akiomba aonwe na macho yale, sasa aambiwe ajifiche.

Mwisho akakamatwa.

"Nilikuwa nakwepa jua," akajitetea.

"Jua linaingia dirisha la upande huu huu uliokimbilia, mama." Mwalimu akavuta pumzi, akachuchumaa mbele yake kama mtoto mbele ya bibi. "Nikuulize. Unataka akuone leo, au unataka aupate mkono wake? Miezi hii ya mwanzo ndiyo ubongo unajifunza upesi. Ukikaa kulia, ana raha, hana sababu ya kutafuta. Na upande asioutafuta atauacha. Atavuka barabara siku moja na gari litatokea kushoto. Wiki mbili zimeshapotea. Sikulaumu, lakini zimepotea."

Maneno hayo yalimwingia Dobi kifuani, yakakaa. Yeye ambaye hajapoteza hata leso ya mtu! Alasiri ile akakibeba kiti mwenyewe, akakiweka kushoto, akapiga moyo konde.

Ajabu ya kukaa mahali ambapo hupo. Dobi anasema mara nyingine alijitazama mikono kuhakikisha. Mchana ulipita mrefu na mweupe, pazia likipumua dirishani, na yeye akiongea, akiongea, akimwita mwanawe jina, akimweleza nani kaleta mashuka gani, na kila alipoita kichwa kilikwenda kulia, kikatafuta, kikakata tamaa. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema. Lakini huyu alikuwapo! Siku ya tatu Chiriku akaacha kutafuta. Akawa anamsikia mama yake kama redio ya jirani.

Siku ya nne mama mdogo alikuja, akakaa kulia alikoruhusiwa. Chiriku akamnong'oneza, na mnong'ono wake unajulikana, unasikika mpaka jikoni.

"Mama yuko chumba cha pili. Siku zote yuko huko, anaongea na watu, haingii."

"Kwa nini haingii?"

"Kanikasirikia. Niliangusha shuka."

Moyo wa Dobi ulikatika vipande viwili. "Sijakukasirikia! Chiriku, sijakukasirikia mimi!" Kichwa kikageuka kulia, kwa yule mama mdogo, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Umemsikia?" Chiriku akasema. "Hata sasa anafoka."

Hatua nne tu kuzunguka kitanda. Angeweza kuwa huko kabla mtoto hajapepesa, angemkumbatia, angemwambia si wewe, ni mimi, ni mimi na beseni langu. Miguu ilishaanza kunyanyuka. Dobi akazishika mbao za kitanda kwa mikono yote miwili mpaka vidole vikawa vyeupe, akakaa pale pale. Anasema hajawahi kufanya kazi nzito kuliko hiyo, na mnajua kazi anayoifanya.

Kesho yake akaja na shuka la nyumbani chini ya kwapa, limepigwa pasi. Akalitandaza juu ya mtoto, upana wote wa kitanda. Ncha ya kulia ya upindo wa juu akaitia katika kiganja cha kulia cha Chiriku. Yeye akazunguka, akakaa kushoto, akashika ile pembe yenye mishono mitatu.

"Chiriku! Kazi imefika."

Mtoto akashtuka, akalinusa shuka. "La nani?"

"Sheria yasemaje?"

Kwa sauti ya mtu anayeamka: "Tafuta uzi kwanza."

"Haya."

Mkono wa kulia ukaanza kutembea juu ya upindo, kidole gumba mbele, jinsi ulivyofunzwa tangu akiwa na miaka mitano. Ukafika katikati ya kifua, ukasimama. Hapo ndipo dunia yake ilipokuwa inaishia. "Halina uzi hili. Si letu."

"Ni letu. Upindo umekwisha?"

"Haujaisha."

"Basi?"

Kidole gumba kikasita, kikavuka. Upindo ukaendelea, na mkono ukaendelea nao, kwa kuwa upindo hauwezi kwenda mahali pasipokuwapo. "Kuna mkono wa mtu humu," Chiriku akasema. "Upite, mwanangu." Akaupita. Bega likafuata, kidevu nacho kikafuata kidogo kidogo. Kidole kikagusa mishono. Moja. Mbili. Tatu. Kisha kikagusa ncha ya kidole kingine, chenye kovu refu la pasi, kikalipapasa kovu lile kwenda na kurudi. Macho yakafika mwisho kabisa.

"Mama."

"Naam."

"Umekuja lini?"

Dobi alikuwa na siku za kutosha za kumhesabia. Alikuwa na taa za darini, na kiti, na chumba cha pili. Akavimeza vyote. "Sasa hivi," akasema. "Ndiyo kwanza nafika."

"Umechelewa."

"Nimechelewa, mwanangu. Nisamehe." Na katika hilo nisamehe alilitia beseni, na ule ukali wa shika vizuri wewe, na wiki mbili za kiti.

"Haya. Usirudie." Kisha kichwa kikachoka, kikateleza kurudi kulia, na Dobi akatoweka tena. "Mama?"

"Nipo. Tafuta uzi."

Siku ile walilikunja na kulikunjua shuka mara saba. Mara nne Chiriku alimpata.

Sasa imepita miezi minane. Chiriku anatembea, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo, na shuleni wamemrudisha darasa la nyuma, jambo ambalo analilalamikia kwa yeyote mwenye masikio. Mkono wa kushoto unashika, ila huachia akiongea, na haachi kuongea. Sahani anaizungusha mwenyewe. Dobi ametia uzi mwekundu kwenye mkono wa kushoto wa kila nguo yake, na rangi nyekundu kwenye ukingo wa kushoto wa kila daftari, na mwimo wa kushoto wa mlango ameufunga kitambaa chekundu, ingawa bado mtoto anaugonga akiwa na haraka. Daktari amesema mengine huenda yasirudi. Pembe ya shuka bado inaanguka, labda mara moja katika tano. Hakuna anayefoka.

Juzi mashuka yalikuwa mengi, na Dobi akachoka hasa. Chiriku alikuwa kwenye meza ya pasi akifanya kazi ya shule. Dobi akavuta kigoda akajiangusha upande wa kulia wa mwanawe, bila kufikiri, apumzike na aonwe tu, kirahisi, kama wazazi wengine. Chiriku akamwangalia. Akaweka kalamu, akasimama, akamshika mama yake mkono akamnyanyua, kisha akakiburuta kigoda kwa mkono wake mzima, akaizunguka meza yote, taratibu, kwa mguu ule, mpaka kushoto.

"Kaa hapa, mama. Nataka kukutafuta."

Dobi akakaa. Chiriku akarudi kwenye daftari lake, akaandika mstari mmoja, akaandika wa pili. Kisha akainua kichwa.