Nilisingizia Bibi Yangu Sufuria Yenye Nilichagua Mimi

Kosa iko yangu. Nasema mapema, juu mutu asianze kutafuta shetani hapa. Siku ile shetani alikuwa kwake anapumuzika, mimi nilimufanyia kazi yote.

Mimi ni papa wa mutaa wa Muhumba, nafika miaka hamsini. Bibi yangu alikuwa anapika pombe ya mutama. Batu balikuwa banatoka mpaka mutaa wa Nguba kuja kuikunywa, hata ba papa ya chorale, baimbaji ba kanisa!

Binti yetu akapata muchumba. Bakwe bakapanga kuja siku ya dot, kuleta mahari, na sufuria yetu ilikuwa kidogo. Bibi akanituma sokoni:

— Papa, tafuta sufuria kubwa ya inox, ile chuma isiyoshika kutu. Chini iwe nzito. Ikiwa nyepesi, acha.

Maneno fupi! Hata mulevi angeyashika.

Maman muuzaji akanionyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa nzito, na rangi ya mutu anayetoka kwa malaria. Ya pili, aïe! Ilingaa mpaka nikajiona ndani, na nilikuwa muzuri mule. Nikaiinua na mukono moja.

— Papa, hiyo ni ya kuwekea maji, maman akasema. Gonga chini, usikie. Kwa moto itaunguza.

— Maman, mimi najua inox!

Nilijua nini? Nilijua kungaa.

Bibi alipoiona, akagonga chini na kidole. "Rudisha." Nikamwambia chef, mukubwa wa nyumba, ni mimi. Basi akapika. Alikoroga asubuhi yote mpaka mukono ikavimba, na mimi kwa kiti, nasifia majirani sufuria. Chini ikaungua tu. Pombe ikatoka na harufu ya nyumba iliyoshika moto.

— Tumwage, bibi akasema. Tununue ya chupa.

Nikakataa tena, muchawi mimi!

Siku ya dot, baba ya muchumba akaonja, akakohoa, akauliza polepole: "Hii pombe imepatwa na nini?"

Na mimi, mbele ya batu bote, nikacheka: "Bibi anazeeka, siku hizi anasahau moto."

Mungu wangu! Bibi alikuwa amesimama mulangoni na kikombe mukononi. Akaweka kikombe chini, akarudi jikoni. Kesho yake akaenda kwa dada yake, Nguba, na jina ikamufuata kule: Maman Moshi. Mwanamke aliyepika miaka makumi mbili!

Nikaenda kumuomba musamaha. Akanijibu:

— Ulinisema mbele ya bakwe. Nenda useme mbele ya bakwe.

Mwezi muzima nikajifanya mugonjwa. Mwisho nikaenda kwa bakwe, nikasema yote. Baba ya muchumba akanisikiliza, akasema:

— Tulijua siku ileile. Mupishi kama yule hasahau moto. Tulikuwa tunaangalia tu utabeba hiyo uongo mpaka wapi.

Kumbe mujinga alikuwa moja tu mule ndani!

Bibi amerudi, asante Mungu. Lakini hapiki tena, anasema mikono imechoka. Batu ya Nguba banapita kwa mulango yetu bila kusimama.

Ba papa wenzangu, mukitumwa sufuria, mugonge chini. Na mukiunguza, mukunywe wenyewe mpaka iishe, mukitabasamu! Musipakae bibi zenu masizi. Ya sufuria niliitoa na muchanga siku moja. Ya jina ya bibi yangu, mpaka leo niko nasugua.