Sekunde Tisa za Kitheka

Ndugu yangu Kitheka Nzau alikuwa fundi wa redio sokoni Mitaboni kwa miaka kumi na tisa. Aliishia kidato cha nne, kama mimi. Lakini watu wa Nairobi walipotengeneza setilaiti yao ya majaribio, kisanduku kidogo cha kubebwa kwa mkono mmoja, walimwita yeye atengeneze antena.

Alizikata mbili kutoka kwa futi ya marehemu baba, utepe wa chuma aliopimia mbao alipokuwa seremala, akazikunja na kuzifunga kwa uzi wa nailoni. Huko juu, waya unaopashwa moto kwa umeme ungekata uzi, nazo zifunguke zenyewe.

"Huko ni baridi," aliniambia. "Lazima nione uzi unakatika vipi kwenye baridi."

Akaenda kujaribu kwenye friza ya Nthambi mwenye bucha, katikati ya matumbo ya mbuzi. Mara thelathini, na kila jibu akaliandika kwenye daftari. Ofisini Nairobi walimcheka. Walimwita Daktari wa Matumbo.

Presha ilimuua mwezi mmoja kabla ya setilaiti kurushwa. Siku ya mazishi Daktari Muigai, mkubwa wa mradi, aliandika katika kitabu cha rambirambi: "Kijana mzuri aliyetusaidia kubeba vifaa." Kitheka alikuwa na miaka arobaini na minne. Mchungaji aliniambia nisamehe. Kila asubuhi nilipiga magoti nikamwomba Mungu aniondolee hasira, na kila asubuhi niliinuka nayo.

Setilaiti ilikuwa na wiki mbili angani Muigai alipokuja kwangu na gari la ofisi.

"Pole na msiba, mama."

"Pole yako niliisoma."

"Antena moja imekataa kufunguka. Setilaiti tunaisikia kwa mbali sana. Tumeambiwa marehemu alikuwa na daftari."

"Lile la matumbo?"

Akatazama viatu vyake.

Mbele za Mungu sitadanganya: nilienda jikoni nikalishika daftari juu ya makaa. Kisha nikakumbuka kwamba kilichofungwa kule juu ni futi ya baba, na aliyeifunga ni Kitheka. Nikarudi na kitabu cha rambirambi na kalamu.

"Kata uliyoandika. Andika kazi aliyofanya."

"Mama, nitaleta barua rasmi yenye muhuri..."

"Hapa. Kwa mkono wako."

Akaandika: "Kitheka Nzau, fundi aliyetengeneza antena." Nilisoma mara mbili.

"Ongeza friza."

Akaongeza.

Ndipo nikamfungulia ukurasa. Mezani, uzi ulikatika kwa sekunde nne. Ndani ya friza, tisa. Wao walikuwa wameamuru waya uuchome kwa sekunde nne tu. Alipiga picha ukurasa huo, nikafunga daftari.

Kesho yake akanipigia. "Tumeuchoma kwa sekunde tisa, antena imefunguka, mama. Setilaiti inasikika vizuri. Tunamshukuru sana Kitheka."

"Mngemwambia mwenyewe," nikasema, nikakata simu.

Jumapili mchungaji aliniuliza kama sasa nimesamehe. Nilimjibu kwamba jina limeandikwa. Hilo lingine bado naliomba.