Uvimbe Mgongoni mwa Aida

Tangu apasuliwe uti wa mgongo, jirani yangu Aida aliishi kama mtu aliyeamka nusu. Asubuhi, ukungu ukishuka kwenye shamba lake la kahawa pale Nanyala, alitembea humo polepole, miguu haiisikii ardhi vizuri. Malori ya Tunduma yalinguruma barabarani kama ndoto ya mtu mwingine.

Mwaka wa pili, kando ya kovu, pakaota uvimbe. Ulikuwa laini, hauumi. Aida akaufunika kwa sweta na kufunga mdomo. Alikwisha kuamua mwenyewe kwamba ni saratani, na kwamba itamwingia yeyote atakayeulalia.

Balaa ni kwamba mkwewe, Mercy, alikuwa amejifungua. Katika ukoo ule mtoto hatolewi nje mpaka bibi mzaa baba ambebe kwanza mgongoni. Aida akawa mtu wa visingizio. Leo mafua, kesho palizi, keshokutwa msiba wa mtu ambaye mimi nilimwona sokoni Vwawa akichagua nyanya. Mjukuu, Pendo, akaanza kuketi bila kushikwa, jua akilifahamu kupitia dirishani tu. Nilimhurumia Aida, na nilimkasirikia pia.

Siku moja Mercy alimfuata jikoni. "Mama, kama mwanangu humtaki, niambie nirudi kwetu."

Aida akavua sweta.

Mercy aliutazama ule uvimbe, akaugusa kwa kiganja, kisha akamsindikiza hospitali. Huko Aida alipigwa picha, akachomwa sindano ya kutoa kinyama cha kupima. Majibu yalipotoka, daktari alimwambia, "Mama, ni mafuta yameota ndani ya msuli. Si saratani, na hayaambukizi. Tutakuwa tunayaangalia tu."

"Mjukuu nibebe?"

"Mjukuu beba. Magunia ya kahawa waachie vijana."

Mercy alimfunga mtoto mgongoni mwa mama mkwe wake kwa kitenge. Hata hivyo, Aida alifumba macho akingoja kilio. Pendo alisogeza kichwa huku na huku, akatafuta, akaweka shavu juu ya uvimbe, akalala.

"Mama," Mercy akanong'ona, "kumbe ulikuwa unamwandalia mto."

 Aida alifungua mlango, akatoka na mtoto nje.