Sufi ya Meli ya Wagonjwa

Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza, nilikuwa mke mpya Matombo, nyumbani kwa wakwe zangu. Vita vyenyewe hatukuviona. Tulichokiona ni jumbe akipita nyumba kwa nyumba na amri kutoka Morogoro: kila mwenye msufi aangue. Bandarini Dar es Salaam, alisema, ipo meli kubwa iliyogeuzwa hospitali, na meli za adui zimefunga bahari. Pamba ya vidonda haiji tena kutoka Ulaya. Itatoka kwetu.

"Sufi hii ya mito?" wifi yangu aliuliza. "Ikafunge vidonda?"

"Hiyo hiyo," jumbe akajibu, akaenda zake.

Wifi huyo, dada wa mume wangu, alikuwa mjane mwenye ulimi mwepesi na miguu myepesi zaidi. Tulikaa naye katika ghala la misheni pamoja na wanawake wengine, tukichambua mbegu huku sufi ikitujaa puani. Akipiga chafya mmoja, ghala zima linafuata. Vitambaa vya kufungia vidonda tulivichana vipande virefu, tukavichemsha, tukavianika juani na kuvikunja. Kazi ya amri, naam, lakini sijawahi kucheka kama siku zile.

Wanaume wengi walikuwa wameshachukuliwa kubeba mizigo ya askari, kwa hiyo kuteremsha mafurushi mjini kukawa kazi yetu. Kabla ya kijiji cha Mkuyuni tuliukuta mto umejaa kwa mvua ya milimani, na daraja ni gogo moja tu. Mimi nilivuka. Wifi alipofika katikati, mguu ukateleza, akaenda na maji.

"Liachie furushi!" nilipiga kelele. "Wifi, liachie!"

Hakuliachia, na hiyo ndiyo ikawa salama yake. Sufi haizami. Furushi lilielea likambeba mpaka kwenye kona ya mto, akashika matete, tukamvuta. Alitema maji, akatazama huku na huku, kisha akaangua kicheko.

"Mwenzenu nimeshakuwa bata!"

Tulifungua lile furushi kwa hofu. Juu palikuwa pamelowa, lakini ndani sufi ilikuwa kavu kama unga.

Stesheni ya Morogoro tulipokewa na msaidizi wa daktari, mtu mzima wa pwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti zangu. Mmefanya kazi." Kisha akalitazama behewa la wazi lililokuwa nyuma tu ya injini, akatikisa kichwa. "Injini hii inakula kuni, inatema cheche. Na sufi ikishika moto haipigi hodi. Nataka watu wawili wakae juu ya mzigo na magunia yaliyolowa, mpaka bandarini."

"Sisi," alisema wifi, kabla sijafumbua mdomo.

Nilimkumbuka mama mkwe aliyekuwa akitungoja. Nikakumbuka pia kwamba sijawahi kupanda gari moshi. Nikapanda.

Ee, mwendo ule! Milima ya Uluguru ilirudi nyuma kama inavutwa kwa kamba. Upepo ulininyang'anya kilemba, nami sikujali. Tulipita Ngerengere tukiimba kwa sauti, tukipiga cheche kwa magunia kila zilipotua. Halafu nikasikia harufu. Furushi la pembeni lilikuwa linafuka moshi, na nilipolipiga kwa gunia, ulimi wa moto ukatoka upande wa pili.

"Litupe!" wifi alilia. "Tutaungua sote!"

Nilikaa chini, nikashika ubao wa behewa, nikalisukuma kwa miguu yote miwili. Lilianguka kando ya reli na kulipuka kama jua dogo. Tulilitazama likibaki nyuma, tukakumbatiana, tukarudi kwenye magunia yetu. Hatukupoteza furushi lingine.

Na meli, nisemeje? Nilidhani ni nyumba nyeupe iliyojengwa majini, mpaka nilipoona moshi wake. Mashua ilitufikisha ubavuni, tukapanda ngazi na mizigo kichwani. Ndani kulikuwa na vitanda safu kwa safu, na harufu kali ya dawa. Daktari wa Kijerumani hakungoja hata tupumzike. Alichana furushi la kwanza, akachota sufi, akaifunga kwa kitambaa chetu na kuiweka chini ya mguu uliovunjika wa askari mmoja. Yule askari alifumba macho, uso ukamlegea.

"Aaa," alisema. "Ongezeni."

Tulicheka, naye akacheka, hata daktari aliyekuwa haelewi kilichosemwa.

Walikuwa wakitafuta mfuaji wa mashuka. Wifi alinitazama, nami nilijua jibu kabla hajalitoa.

"Mwambie mama nipo," alisema. "Mwambie nakula vizuri."

Nilirudi peke yangu, safari hii ndani ya behewa la abiria. Mama mkwe aliposikia habari alinuna, hakunisemesha kutwa. Jioni, nikiwa nasonga ugali, akaja akaketi karibu na moto. Alisogeza kuni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie:

"Hebu nieleze, mwanangu. Hiyo meli ina madirisha?"